Umeruka 'Killer Queen', kaka!

NILIKWENDA Unguja kwa harusi ya binamu yangu, si kwa ajili ya Freddie Mercury. Lakini jioni ya siku ya pili, tumbo bado limejaa pilau, nikajikuta Shangani nimesimama nyuma ya kundi la watalii, nasikiliza maelezo ya bure. Kijana aliyekuwa akiwatembeza alikuwa na Kiingereza kizuri kweli. Akawaambia Freddie alizaliwa hapa, akaondoka, akafika London, akaimba 'Bohemian Rhapsody', akawa tajiri. Basi! Utadhani mtu kashuka boti akakuta teksi inamsubiri.

Mdomo wangu ukaniponza. Wazungu walipoanza kupiga picha mlango, nikamwambia, "Kaka, umeruka 'Killer Queen'."

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye makobazi. "Yakhe, wewe utoke Bara uje unifundishe Freddie?"

Nikasema ndiyo. Alipomaliza na wageni wake tukakaa barazani, kahawa nikalipa mimi, na haya ndiyo niliyomweleza. Nawe msomaji kaa mkao wa kula.

Kwanza nikiri. Nilipoununua wimbo huu sikujua kama nimeununua. Ulikuwa kwenye kanda ya 'Greatest Hits' ya Queen, ile waliyoitoa mwaka 1981. Yangu ilikuwa ya kurudufiwa, nimeipata Kariakoo kwa muuzaji aliyeapa kwa mama yake kwamba ni orijino. Wimbo wa tatu ulianza na milio kama ya kitu kimekatika: ta, ta, ta. Nikajua redio kaseti imeanza kutafuna. Nikaitoa kanda, nikaikaza kwa kalamu ya risasi, nikarudisha. Ta, ta, ta. Kumbe ni vidole! Mtu anaalisha vidole, halafu piano inaingia, halafu sauti ile.

Sasa turudi nyuma. Mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 aliitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, baba akiwa karani wa fedha katika mahakama ya serikali ya Mwingereza. Alipokuwa na miaka minane hivi akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Akarudi Unguja mwaka 1963, na mapinduzi ya Januari 1964 yakaikuta familia hapo hapo. Wakaondoka kwenda Feltham, pembeni ya London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Miaka kumi baadaye ndipo hadithi yetu inapoanza, na hali haikuwa nzuri.

Uingereza ya wakati huo ilikuwa imeshikwa na glamu roki. Wanaume wanapaka wanja, wanavaa satini, wanapanda jukwaani na raizoni za kutisha. Marc Bolan wa T. Rex ndiye aliyeanza kujipaka vimetameta usoni mwaka 1971, akafuata David Bowie, wakaja Slade na Sweet. (Huku kwetu TANU Youth League walikuwa wametangaza Operesheni Vijana tangu 1968, kupiga vita mini na suruali za kubana. Huyo Bolan angepita Mnazi Mmoja sijui angefika wapi.) Freddie na mpiga ngoma wao, Roger Taylor, walikuwa hata na kibanda cha mitumba pale Kensington Market. Mitumba, ndugu yangu! Kwa hiyo mavazi ya jukwaani hayakuwashinda.

Kilichowashinda ni kuuza. Singo yao ya kwanza, mwaka 1973, haikugusa kabisa chati ya Uingereza. Mapema 1974 'Seven Seas of Rhye' ikafika namba 10, wakaanza kupumua. Wakaenda Marekani kuwafungulia jukwaa Mott the Hoople, na huko balaa likawakuta. Mei 1974 mpiga gitaa, Brian May, akaanguka kwa homa ya ini. Ziara ikaishia hapo, wakarudi nyumbani na mgonjwa wao.

Wakaingia studio kutengeneza albamu ya tatu. May kajikongoja kaja. Haukupita muda, vidonda vya tumbo vikamrudisha hospitali.

Hebu jiweke mahali pake. Umelala kitandani na dripu, wenzako watatu wako studio wanarekodi, kila saa ya studio ni pesa. May amesema mwenyewe baadaye kwamba alikuwa na hofu watamtafuta mwingine. Hawakumtafuta. Freddie, Taylor na mpiga besi John Deacon walirekodi nyimbo na kuacha nafasi tupu mahali pa gitaa, kama familia inavyomwekea mtu sahani yake mezani. 'Killer Queen' ni mmojawapo. Unapousikiliza leo, ile sehemu ya katikati gitaa linapoingia kwa sauti tatu, moja juu ya nyingine, zikipokezana kama kengele, ujue huyo ni mtu aliyetoka wodini anajaza nafasi aliyowekewa.

Wimbo wenyewe ni wa Freddie. Alisema maneno yalitangulia, muziki ukafuata, jambo ambalo kwake halikuwa kawaida. Na unahusu nini? Changudoa. Lakini changudoa wa matawi ya juu, mwenye adabu za mezani, anayekunywa shampeni ya Kifaransa na kujua kuongea na wakubwa wa dunia. Marehemu Khrushchev na Kennedy wote wametajwa humo. Hakuna tusi hata moja. Muziki wake si wa kelele pia: piano kubwa, na juu yake piano nyingine ya kuchacharika kama ya baa ya zamani, na sauti za kuitikia zimepangwa tabaka kwa tabaka na prodyuza Roy Thomas Baker. Freddie mwenyewe alitania kwamba ni wimbo ambao ungetegemea kumsikia Noel Coward akiuimba. May naye aliingiwa na wasiwasi, akaona watu watasema Queen wamekuwa laini. Wote wanne walikuwa wanacheza kamari.

Singo ikatoka Oktoba 11, 1974. Ikapanda mpaka namba 2 Uingereza, juu yake akiwa David Essex tu. Freddie akaonekana kwenye runinga ya BBC, kipindi cha Top of the Pops, na koti lake la manyoya. Mwaka uliofuata ikafika namba 12 Marekani, kule kule walikokimbia na mgonjwa. Na Freddie akapata tuzo yake ya kwanza ya Ivor Novello, ambayo kwa watunzi wa Uingereza si mchezo.

Hapo kijana wangu wa Shangani akadakia, "Ndiyo akawa tajiri!"

Wapi! Kwa mujibu wao wenyewe, walikuwa wakilipwa paundi 60 kwa wiki na menejimenti yao. Deacon alikuwa kaoa, anataka malipo ya awali ya nyumba, akanyimwa. Freddie anataka piano, akanyimwa. Aliyeandika wimbo wa piano namba 2 nchi nzima hana piano! Menejimenti ilikuja kutoa maelezo yake tofauti kuhusu fedha hizo, lakini mwaka 1975 walishaachana. Mwaka huo huo Freddie akanunua piano yake, Yamaha, na ndiyo aliyotungia 'Bohemian Rhapsody'. Septemba 2023 piano hiyo iliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya paundi milioni 1.7. Nikamwacha kijana apige hesabu kwa shilingi. Akaacha njiani.

Ninavyoona mimi, bila 'Killer Queen' hakuna kampuni ya rekodi ambayo ingekubali kuwasikiliza walipoleta singo ya dakika karibu sita yenye opera katikati. Ule wa dakika tatu ndio uliowapa ubavu wa kusema hatukati hata sekunde.

Na haujazeeka. Mwaka 2002 igizo la 'We Will Rock You' lilipoanza London, mbaya wake mkuu akaitwa Killer Queen. Mwaka 2005 ukaingia kwenye gemu la Guitar Hero. Katy Perry, ambaye amesema aliusikia akiwa na miaka 15 ukamgeuza kichwa, aliita manukato yake Killer Queen mwaka 2013. Mke wangu anayo chupa, harufu nitaachia wengine. Kwenye filamu ya 2018 utauona tena, pale wanapotakiwa kuigiza kuimba mbele ya kamera za BBC.

Unguja penyewe mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 2006 ilipopangwa sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha Uamsho kilikuja juu, wakisema maisha yake hayaendani na maadili ya visiwa. Shughuli ikafutwa. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa hapo hapo Shangani. Kijana wangu alinionyesha, umbali wa kurusha jiwe.

Nikampa spika za masikioni, nikamwekea wimbo kwenye simu. Akakaa kimya dakika zote tatu. Mwisho akasema, "Sijui neno hata moja la mule, lakini huyu bwana alikuwa anacheka akiimba."

Kesho yake nikielekea bandarini nikamkuta na kundi jipya. Akaalisha vidole mara tatu, watalii wakanyamaza. Akawaeleza habari zote nilizompa, isipokuwa vidonda vya tumbo alimpa Freddie mwenyewe, akasema vilitokana na pilipili za Darajani. Nilitaka kumsahihisha, lakini boti yangu ilikuwa ya saa tisa na nusu.