Kitenzi "foka": visawe, vinyume na mipaka ya matumizi yake

Foka ni kitenzi chenye maana mbili zinazohusiana. Ya kwanza ni ya kitu: maji yanapochemka hadi yakatoka chunguni kwa nguvu, husemwa kuwa yanafoka. Ya pili ni ya mtu: kusema kwa sauti ya juu kwa sababu ya hasira. Sitiari iliyomo ni bayana. Anayefoka ni chungu kilichoshindwa kuzuia kilichomo ndani yake. Picha hiyo ndiyo inayokitenga kitenzi hiki na visawe vyake vyote.

Mnyambuliko

Foka ni kitenzi sielekezi. Hakipokei yambwa mpaka kinyambuliwe katika kauli ya kutendea:

- Mkulima alifoka alipoona uzito wa pamba yake umepunguzwa mizanini.
- Karani alimfokea mkulima. (Si: alimfoka.)
- Mkulima alifokewa mbele ya wenzake.
- Walifokeana mpaka soko likasimama.

Uradidi hupunguza ukali. Muziki wa rap ulipoenea Tanzania katika miaka ya 1990, wengi waliuita "muziki wa kufokafoka". Hasira haikuwa sharti tena. Lililobaki ni sauti ya juu na maneno yanayotoka kwa mfululizo.

Visawe

Hakuna kisawe kimoja kinachoweza kukaa mahali pa foka katika kila sentensi. Ni afadhali kuvipanga kwa makundi.

*Karipia, kemea, gombeza.* Vitenzi hivi vinadokeza mambo mawili ambayo foka haiyadokezi: kwamba anayeambiwa ana kosa, na kwamba anayesema ana mamlaka ya kumrudi. Linganisha "Mwalimu alimkaripia mwanafunzi" na "Mwalimu alimfokea mwanafunzi". Katika sentensi ya kwanza msomaji huuliza mwanafunzi alifanya nini. Katika ya pili huuliza mwalimu amepatwa na nini. Ndiyo maana "Mtoto alimkaripia babu yake" huchekesha au hushtua, ilhali "Mtoto alimfokea babu yake" ni utovu wa adabu unaoeleweka mara moja. Kemea huenda mbali zaidi, kwa kuwa hupokea hata yambwa isiyo mtu: viongozi hukemea rushwa, wahubiri hukemea pepo. Hakuna anayefokea rushwa.

*Hamaki, ghadhibika, kuja juu, kuwa mbogo.* Haya hutaja hasira yenyewe. Mtu anaweza kughadhibika na asitamke neno. Kuja juu na kuwa mbogo ni misemo ya mazungumzo. Huifaa riwaya na habari za michezo kuliko hati rasmi.

*Payuka, ropoka, bwata.* Kundi hili humhukumu msemaji kwa kukosa busara. Payuka na ropoka huhusu maneno yasiyopimwa, na huweza kutokea bila hasira yoyote. Bwata huongeza sauti kubwa na dharau ya msimulizi kwa anayesimuliwa.

*Paza sauti, piga kelele, piga yowe.* Hapa kipimo ni sauti. Hisia huweza kuwa yoyote: furaha, hofu, uchungu au hasira. Kundi hili ndilo linaloleta hatari kubwa zaidi kwa wafasiri.

Kelele si yowe

Kiswahili hakiipi kelele heshima. Methali husema mwenye kelele hana neno, na nyingine husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kelele ni sauti inayoweza kupuuzwa. Yowe ni sauti inayodai jibu: anayepiga yowe anaomba msaada, na anayelisikia anatarajiwa kutoka nje.

Tofauti hii ina uzito wa pekee Bariadi na katika wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, ambako wazungumzaji wengi huanza na Kisukuma. Katika Kisukuma kuna neno mwano, yaani ukelele wa kuiita jamii panapotokea hatari kama vile wizi wa ng'ombe. Anayeusikia huupokeza kwa mwingine na kuufuata. Vikundi vya sungusungu, vilivyochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mikoa ya Shinyanga (ambamo Bariadi ilikuwamo hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012) na Tabora, viliutegemea sana mwano huo.

Sasa tuchukue shahidi anayeeleza kwa Kisukuma kwamba mwanamke aliyevamiwa usiku alipiga mwano. Mkalimani akisema "alipiga kelele", hajadanganya, lakini amepoteza kiini cha ushahidi. Kelele yaweza kuwa ya ugomvi wa nyumbani. Akisema "alifoka", amembadilisha aliyeshambuliwa kuwa mgomvi. "Alipiga yowe" ndiyo tafsiri inayohifadhi hofu, wito na matarajio ya kuitikiwa. Tangu Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, uteuzi wa namna hii unaweza kuingia moja kwa moja katika kumbukumbu za shauri.

Vinyume

Foka haina kinyume cha kimofolojia. Funga ina fungua, na ziba ina zibua, lakini foka haina umbo la kutendua. "Hakufoka" nalo ni ukanushi tu. Halituelezi alichofanya badala yake. Kinyume hutegemea sehemu ya maana tunayoigeuza:

- Tukigeuza sauti: nong'ona, nong'oneza.
- Tukigeuza hisia anazoelekezewa msikilizaji: bembeleza, liwaza, sihi.
- Tukigeuza tendo la kusema: nyamaza, fyata ulimi.
- Tukigeuza kushindwa kujizuia: jizuia, meza hasira.

Tahadhari mbili zinahitajika. Fyata ulimi hudokeza woga, kwa hiyo haifai kumsifu mtu mwenye subira. Na anayenong'ona huweza kuwa na hasira kali kuliko anayefoka. Amepunguza sauti tu.

Kwa walimu na wafasiri

Mtihani unapouliza "Taja kinyume cha foka" bila sentensi, majibu kadhaa huwa sahihi, na mwanafunzi aliyeandika bembeleza hastahili kunyimwa alama kwa kuwa mwongozo una nyamaza. Ni vyema swali litoe muktadha.

Kwa mfasiri, maswali matatu yatatosha kabla ya kuteua neno. Je, kuna hasira? Kama haipo, acha foka. Je, msemaji ana haki ya kumrudi msikilizaji, na kuna kosa? Kama ndiyo, fikiria karipia au kemea. Je, sauti inaomba msaada? Kama ndiyo, andika yowe.