Fahamu: Namna ya kumsimulia asiyeona habari za Ngadji

Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa zaidi ya miaka 100 imewekwa ghalani katika British Museum, London. Mjadala wa kurudisha mali za Afrika kama hiyo huendeshwa kwa picha. Asiyeona pale Garsen, mji wa huko Mto Tana, apewe nini?

Apewe maelezo yanayoshikika. Kusema "ngoma kubwa" hakutoshi. Msimulizi hodari hutaja gogo lililochimbwa ndani na ngozi iliyowambwa, hulinganisha kimo na mwili wa msikilizaji mwenyewe, kisha humpa gogo na ngozi avipapase. Rangi pia zitajwe. Wengi wa wasioona walipofuka ukubwani na bado wanazikumbuka.

Kwa kweli, Ngadji haikuwa ya kutazamwa. Ilimilikiwa na wazee wa Kijo, chama cha wazee wa Kipokomo, na wasio wa chama hicho waliusikia mngurumo wake tu. Yaani wenye macho nao waliijua kwa masikio!

Urithi mwingine wa Wapokomo, Wimbo wa Taifa wa Kenya wa 1963, ni rahisi zaidi kumsimulia asiyeona: lahani yake imetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Hapo piga tu, watu wasikilize.

Vitabu vya habari kama hizi navyo visisahaulike. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliuridhia 2017, unaruhusu kitabu kugeuzwa kuwa breli au sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba idhini mwenye hakimiliki.