Kabro Zilizozaliwa Uani kwa Mama

Msimu wa mahafali ukifika, furaha huwa haina mfano majumbani mwetu. Kijana amehitimu uhandisi, pilau imepikwa, jamaa wamekuja kutoka Malindi na Lamu kumpongeza. Wiki mbili baadaye swali huwa ni moja tu: kazi umepata? Hatulilaumu swali hilo, maana karo ililipwa kwa taabu, na pengine dhahabu ya mama iliuzwa. Lakini lipo jibu ambalo wazazi wengi hatujajiandaa kulisikia, nalo ni hili: kazi ninayo, ila nataka kuiacha nijaribu jambo langu.

Hivyo ndivyo alivyofanya Bi. Nzambi Matee wa Nairobi mwaka 2017. Alikuwa na elimu ya sayansi ya malighafi, amefanya kazi katika sekta ya mafuta, na mshahara ulikuwepo. Kilichomkera ni plastiki zilizozagaa katika mitaa ya mji wake, mji ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, linakadiria kwamba hutoa takriban tani 500 za taka za plastiki kila siku. Akaacha kazi, akaanzisha maabara ndogo uani kwa mama yake, akaanza kutafuta namna ya kuzigeuza taka hizo kuwa kabro za kutandika njia na nyua.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Kuyeyusha plastiki, kuichanganya na mchanga, kisha kuishindilia iwe tofali, ni jambo lililokwisha kujaribiwa kwingineko Afrika. Uzito ulikuwa katika kipimo. Mchanga kiasi gani, plastiki kiasi gani, na plastiki ipi? Machoni mwetu zote ni taka za namna moja, kumbe kila aina ina tabia yake motoni. Chupa za maziwa na za shampuu zilifaa. Mifuko laini ya kufungia nafaka ilifaa, na vilevile kamba, ndoo na vifuniko. Chupa za maji na soda, hizo tunazoziona zikielea kila mahali, hazikufaa kwa kazi yake. Mambo haya hayakuwa yameandikwa mahali akayanakili. Yeye na wenziwe waliyajua kwa kujaribu, kuharibu na kujaribu tena.

Na kujaribu kuna kelele. Majirani walilalamikia mashine yake, naye akawaomba wamvumilie mwaka mmoja tu mpaka akipate kipimo sahihi. Mwaka huo aliuweka kando na starehe zote, akiba yake yote ikaingia humo, hata marafiki wakaanza kumhofia.

Wanaoisimulia habari hii aghalabu huupita ua ule haraka, wakimbilie tuzo. Sisi twaona ndipo penye habari yenyewe. Ua una mwenyewe. Yupo mama aliyekubali nyumba yake inuke plastiki ya moto, aliyevumilia kelele na maneno ya watu. Huo ni mtaji ambao hakuna benki inayoukopesha. Je, kwetu binti angeupata? Mvulana akifungua injini ya pikipiki barazani twasema huyu ana akili ya ufundi. Dada yake akishika nyundo, huulizwa ni nani atakayemposa. Wazee wetu waliochangia kukijenga chuo cha ufundi cha Tudor, enzi hizo kikiitwa MIOME, walijua kwamba jamii isiyo na mafundi wake hununua kila kitu kwa wengine. Tumekuwa wepesi kuwapeleka mabinti vyuoni, na wazito kuwapa pembe ya ua wanaporudi.

Baadaye alipata ufadhili wa kwenda Marekani kwa mafunzo ya biashara zenye manufaa kwa jamii. Akazitia sampuli za kabro zake katika mizigo ya safari, na alipofika akatumia maabara za Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder kuzipima na kukirekebisha kipimo chake cha mchanga na plastiki. Hakuridhika na macho yake mwenyewe. Wangapi kati yetu huanza biashara kwa sifa za shangazi na majirani, pasipo mgeni hata mmoja kuipima bidhaa?

Kampuni aliyoianzisha, Gjenge Makers, ilikuwa ikitoa hadi kabro 1,500 kwa siku kufikia mwanzoni mwa mwaka 2021, na kwa jumla ilikuwa imekwisha kutumia tani 20 za taka. Mwaka 2020 UNEP lilimtunuku miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia wa mazingira. Mwenyewe husema kabro hizo zina nguvu mara tano hadi saba kuliko zege.

Kwa watu wa pwani, taka za plastiki si habari za bara pekee, maana bahari hututapikia kila siku. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyotumika, wakalivisha ndara kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Malighafi tunayo, na mikono tunayo.

Basi mtoto akija na wazo, tusimkubalie kijuujuu wala tusimkatalie papo hapo. Tukae naye chini kama watu wa shauri. Atajaribu nini hasa, na kwa muda gani? Ni akiba ipi itakayoingia, na ni ipi isiyoguswa? Afadhali aanze na kidogo chake kuliko deni la watu, na afadhali mwaka wenye tarehe ya mwisho kuliko ahadi isiyo na kikomo. Atueleze pia ni nani nje ya familia atakayeipima kazi yake. Na majirani waambiwe mapema, kabla mashine haijawashwa.