Nilimuuzia mwenye Land Cruiser tabo ya Fuso: maswali sita ninayouliza sasa kabla ya kupokea hela



Leo naleta la kwangu, na si la kujisifia. Ni habari ya siku niliyoitwa tapeli kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia tatu. Na aliyeniita hivyo alikuwa na haki ya kukasirika.

Mimi nipo Igawa, pale barabara kuu ya Tanzam inapotoka Makambako na kushuka bonde la Usangu kuelekea Mbeya. Mtandaoni nilianza na mchele wa Mbarali. Baadaye nikaona magari yanayosimama hapa na shida zake, nikaingia kwenye spea za injini za dizeli zilizotumika: nozeli, pampu, tabo. Sina duka. Nina simu, kona ya stoo kwa kaka yangu, na fundi mmoja jirani ninayemuuliza nikikwama.

Tatizo ni kwamba siku ile sikumuuliza.

Kaka mmoja wa Mafinga, anayebeba mbao, alinijia inboksi: "Dada, nataka tabo kubwa kuliko zote ulizonazo. Nina Land Cruiser mkonga, milima inanitesa." Nilikuwa na tabo ya Fuso injini 6D16, safi, inang'aa. Nikampiga picha tatu nikamwandikia, "Bosi, hii ndiyo mwisho wa matatizo." Akalipa 650,000 kwa simu, kesho yake mzigo ukapanda basi. Hela ikaenda moja kwa moja kwenye ada ya mtoto.

Wiki ya tatu akanitumia sauti: "Dada, umeniuzia nini? Nakanyaga mafuta, moshi mweusi unajaa barabara nzima, gari halichanganyi. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndiyo linashtuka kama limepigwa teke!" Usiku huohuo namba yangu na picha yangu vikawekwa kwenye kundi. Tapeli wa Igawa.

Nilishaandika jibu: "Spea iliyotumika hairudishwi." Kabla sijatuma nikamwonyesha fundi. Akaniuliza swali moja tu: "Injini yake lita ngapi?" Sikujua. Akasema, "Basi usitume hiyo meseji."

KWA NINI GARI LILICHELEWA KUCHANGANYA

Nieleze kama nilivyoelezwa, maana huwezi kuuza usichokielewa.

Tabo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, kwenye shafti moja. Moja linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili linasukuma hewa kuingia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri na nguvu inaongezeka. Si jambo la jana: Alfred Büchi wa Uswisi alisajili uvumbuzi huo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss akapandisha injini ya ndege yenye tabo juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuonyesha kwamba tabo inarudisha nguvu ambayo injini inapoteza kwenye hewa nyepesi.

Hapo ndipo soko letu la nyanda za juu lilipo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa kule ni karibu asilimia 82 tu ya ule wa Dar es Salaam. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zilitoka kiwandani bila tabo. Ukizipakia mzigo na kuzipandisha milima ya huku, zinahema. Ndiyo maana watu wanazifungia tabo.

Sasa, ukikanyaga mafuta injini ikiwa inazunguka polepole, moshi bado ni mdogo. Gurudumu likiwa kubwa na zito, moshi huo hautoshi kulizungusha haraka. Dizeli inaingia, hewa haijafika, unaona moshi mweusi na gari limelala. Mpaka gurudumu lishike kasi ndipo gari linachanganya.

Injini ya 6D16 ni lita 7.5. Ya 1HZ ni lita 4.2. Niliuza tabo iliyozoea moshi wa injini kubwa kwa injini ndogo. Ni kama kufunga mota ndogo kwenye mashine kubwa ya kukoboa mpunga: itazunguka, lakini utasubiri.

SAFARI YA MAFINGA

Niliuza magunia ya mchele niliyokuwa nimeyatunza, nikakopa tabo ya CT26 kwa mwenzangu wa Mbeya, nikapanda basi na fundi wangu. CT26 ndiyo ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye 1HD-T, injini yao ya dizeli ya lita 4.2 yenye tabo. Ukubwa unaendana. Ilibidi kuchomelea flanchi upya, kazi ikatuchukua siku nzima.

Jioni tukajaribu. Afadhali kubwa! Lakini bado unahesabu moja, mbili. Yule kaka akanitazama, mimi nikamtazama fundi. Fundi akaomba ndoo na sabuni.

Akaziba mdomo wa tabo unaovuta hewa, akapuliza upepo kidogo wa kompresa, akapaka povu kwenye maungio yote ya mipira. Kwenye mpira wa intakula povu likaanza kuchemka: klipu ilikuwa imelegea, hewa inavuja nje. Halafu akatuonyesha masizi meusi kwenye gasketi ya manifodi. Maana yake moshi ulikuwa unatoka pembeni kabla haujafika kwenye tabo. Yaani hata tabo sahihi ilikuwa inanyimwa chakula chake.

Gasketi na klipu mpya havikufika 60,000. Mwisho akapunguza skrubu ya mafuta kwenye pampu, ambayo fundi wa kwanza aliifungua sana akidhani dizeli nyingi itaamsha tabo. Dizeli ikiongezwa kidogo inasaidia kweli, ila ikizidi inaleta moshi na joto la kuua pistoni. Kwa injini ambayo haikuzaliwa na tabo, akamshauri pia afunge geji ya joto la moshi na asiwe na tamaa ya mgandamizo mkubwa.

Asubuhi tukapanda mlima na mzigo wa mbao. Kuchelewa hakukuisha kabisa, kila tabo ina kuchelewa kwake kidogo. Lakini kabla hujamaliza kusema "moja" gari lilishachanganya. Yule kaka akacheka. Mimi nilikaribia kulia.

Hesabu ya mwisho, nauli, fundi, na tofauti ya bei ya tabo mbili: hasara 240,000. Ile ya Fuso nilirudi nayo, nikamuuzia mwenye Fuso.

MASWALI SITA YANGU YA SASA

1. Injini gani, lita ngapi? Si jina la gari. Land Cruiser inaweza kuwa na 1HZ, 1HD au 1KZ. Naomba picha ya injini. Hata jina la tabo halitoshi: CT26 zilifungwa pia kwenye magari ya petroli kama Supra na Celica, na si sawa na ile ya dizeli.

2. Unataka nguvu wapi? Anayepanda milima na mzigo anahitaji tabo inayoamka mapema. Anayetaka kukimbia tambarare anaweza kuvumilia kubwa. Kwenye nyumba ya upande wa moshi mara nyingi kuna namba ya A/R, kama .48 au .63. Tabo mbili zikiwa za aina moja, yenye namba ndogo inaamka mapema, yenye kubwa inapumua vizuri kwenye kasi ya juu.

3. Tatizo lilianza lini? Kama gari lilikuwa zima likaanza kuchelewa ghafla, kwanza tafuta uvujaji, au mlango wa kupunguzia mgandamizo uliokwama wazi. Kama lilianza siku ya kufunga tabo, shuku ukubwa, ufungaji au mafuta.

4. Umekagua vya bei rahisi? Povu kwenye mipira, masizi kwenye manifodi, chujio la hewa. Huku Usangu, vumbi na pumba za mpunga vinaziba chujio mapema. Na bomba la ekzosi baada ya tabo likiwa jembamba au limebonyea, nalo linachelewesha.

5. Moshi rangi gani? Mweusi: hewa haitoshi au dizeli imezidi. Wa bluu: oili inaungua, hapo tabo yenyewe inaweza kuwa imekwisha, au injini.

6. Nani anafunga, na oili je? Gurudumu la tabo linapita mizunguko 100,000 kwa dakika, na linaelea kwenye oili. Oili chafu, au mrija wake ukiziba, hata tabo mpya haifiki mbali. Ukimaliza mlima, acha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili ndipo uzime.

Na mimi muuzaji nina deni langu. Natuma picha ya kibati cha namba, picha ya mapanga pande zote mbili, namba ya A/R, na video nikiitikisa shafti. Ikicheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Ikicheza kuingia na kutoka, au mapanga yakigusa nyumba yake, siiuzi kama nzima. Halafu naandika masharti ya kurudisha, siku saba, KABLA hela haijatumwa.

FAIDA IKO WAPI?

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Chimala alitaka tabo. Alishika hela mkononi. Nikamuuliza swali la tatu, akasema, "Mwanangu, imeanza juzi tu." Nikamwambia apake sabuni kwanza. Ilikuwa klipu. Sikuuza tabo, nilipata "asante mwanangu, ndaga." Wiki mbili baadaye madereva wawili walinipigia, wametumwa na yeye. Mmoja alinunua tabo, mwingine pampu.

Na yule kaka wa Mafinga? Alirudi kwenye kundi akaweka video ya gari likipanda mlima, akaandika, "Dada wa Igawa kaja mwenyewe mpaka huku." Ile meseji ya tapeli hakuifuta. Bado ipo, ukitafuta jina langu inatokea. Nimeamua isinisumbue. Wateja wapya wakiiona wananiuliza, nami nawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi.

Ndugu yangu, hata kama unauza viatu, simu au nguo, bidhaa yako ina "lita ngapi" yake: swali moja ambalo usipouliza, mteja anapokea kitu kizima kisichomfaa. Kitu kilikuwa kizima, mimi ndiye nilikosea. Mteja hajui aulize nini, wewe unayeuza ndiye unapaswa kujua.

Haya, niambie hapo chini: wewe unauza nini, na swali lako la kwanza kwa mteja ni lipi?