Jina Katika Daftari la Meli

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Maneno hayo hutumiwa mara nyingi kumkanya kijana anayedharau desturi za kwao. Leo twapenda kuyatazama kwa upande mwingine. Yuko mtu ambaye hakuiacha asili yake kwa kupenda, bali alisukumwa na njaa, na vita, na deni. Na yuko mwingine aliyeondolewa kwao kwa pingu. Watu wa namna hizo mbili walikutana katika makoloni ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini kabla ya mwaka 1776, na wajukuu wao hata leo wanapekua makaratasi wakitafuta walikotoka. Wapo wanaodhani kwamba upekuzi huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sivyo. Ndani yake imo historia ya kazi na ya mfanya kazi, nayo ni historia ituhusuyo.

Na tuchukue ukoo mmoja. Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hadi 2017, amejulikana kwetu kwa upande wa baba yake, Mluo wa Kogelo katika Siaya, nchini Kenya. Upande wa mama yake, Stanley Ann Dunham, aliyezaliwa Kansas mwaka 1942, haukuzungumzwa sana katika Afrika Mashariki. Waliofuatia nasaba ya mama huyo walifika hata kwa mtu aitwaye Johann Conrad Wölflin, aliyezaliwa mwaka 1729 katika mji mdogo wa Besigheim, nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani, akavuka bahari kwenda Pennsylvania mwaka 1750. Katika nasaba hiyo hiyo yumo Christian Gutknecht, mzaliwa wa Bischwiller katika Alsace. Wajukuu wa Wölflin waliitwa Wolfley. Wajukuu wa Gutknecht waliitwa Goodnight, yaani salamu ya Kiingereza ya kuagana usiku. Lakini Gutknecht kwa Kijerumani maana yake ni mtumishi mwema. Jina lililotaja kazi ya mtu likageuka salamu, na asili ikafunikwa.

Sisi tuliotawaliwa tumezoea kumjua Mjerumani kwa sura ya bwana mkubwa, mwenye askari na kiboko, aliyeitawala Tanganyika tangu 1885 hadi Vita Kuu ya kwanza. Yafaa basi tujue kwamba zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, Wajerumani wapatao 100,000 walikwenda Amerika, na wengi wao walikuwa wakulima na mafundi wasio na kitu.

KILICHOWATOA KWAO

Nchi za mto Rhine, hasa ile iitwayo Pfalz, zilikuwa uwanja wa vita vya wafalme. Mwaka 1689 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yaliiteketeza miji ya Mannheim, Speyer na Worms. Vita vingine vikafuata. Kisha majira ya baridi ya 1709 yalikuwa makali mno, hata mizabibu ikafa mashambani. Mwaka huo watu wapatao 13,000 walishuka mto mpaka Uholanzi, wakavuka hadi London, wakakaa katika mahema wakingojea kupelekwa Amerika.

Pamoja na vita ilikuwako kodi ya watawala wadogo wadogo, kila mmoja na kasri lake na majeshi yake. Katika Württemberg desturi ya urithi iligawanya shamba sawa kwa watoto wote, hata baada ya vizazi vichache kila mtoto alibaki na kipande kisichoweza kumlisha. Na katika sehemu nyingi za nchi hizo mkulima hakuwa huru kuondoka. Alikuwa mali ya bwana wa ardhi, akitaka kwenda sharti aombe ruhusa na alipe ada ya kujikomboa. Karani wa bwana aliandika jina lake, kijiji chake, na fedha alizotoa.

NAULI YA DENI

Mwaka 1750, mwaka ule ule aliovuka Wölflin, alisafiri mwalimu mmoja wa Württemberg, Gottlieb Mittelberger. Alirudi kwao mwaka 1754, na mwaka 1756 akatoa kitabu cha kuwaonya wenzake. Aliyoyasimulia yanatisha. Katika safari ya kushuka mto kutoka Heilbronn mpaka Uholanzi walipita vituo 36 vya ushuru, na kila kituo walingojeshwa kwa kadiri walivyopenda wakubwa wa hapo. Wiki zikapita, fedha zikaliwa. Bandarini Uholanzi wakangojeshwa tena wiki kadha. Ndipo ikaja bahari, wiki 8 mpaka 12 pepo zikiwa mbaya, watu wamebanwa chini ya sitaha, maji yana wadudu, mikate imeoza. Katika meli yake, asema, walikufa watoto 32.

Aliyefika hai hakuwa amefika bado. Asiyelipa nauli hakuruhusiwa kushuka Philadelphia. Tangazo lilitolewa, matajiri wakapanda melini, wakachagua. Mtu mzima alitia mkono mkataba wa kutumika miaka 3 mpaka 6 bila mshahara, kwa sababu tajiri amemlipia nauli. Watoto walifungwa mpaka wafikie umri wa miaka 21, na wazazi wengi waliwauza watoto wao kwa namna hiyo ili wao wenyewe washuke. Mume akifa baada ya meli kuvuka nusu ya safari, mjane wake alilipa nauli ya wawili, yake na ya maiti.

Hapo ndipo tunapoona jinsi deni linavyofanya kazi ya mnyororo. Mtu hakukamatwa na mtu. Alitia sahihi mwenyewe. Lakini alitia sahihi akiwa na njaa, lugha ya mkataba haijui, na nyuma yake hakuna mashua ya kumrudisha.

Wajerumani waliokwisha kutulia hawakukaa kimya. Christopher Sauer, mpiga chapa wa Germantown aliyeanza gazeti la Kijerumani mwaka 1739, alilitumia gazeti lake kufichua maovu ya wenye meli. Mwaka 1764 ikaundwa Jumuiya ya Wajerumani wa Pennsylvania kwa ajili ya kuwatetea wageni wa melini, na mwaka 1765 sheria ya kuwalinda wasafiri ikapitishwa. Umoja ulifanya jambo ambalo mtu mmoja mmoja hakuliweza.

NAMNA YA KUFUATA NJIA

Mtu wa leo aitafutaye asili ya ukoo kama huu huanza mwisho, akarudi nyuma. Huanza kwa babu anayejulikana, akasoma wosia, hati za mashamba, mawe ya makaburini na madaftari ya makanisa, mpaka amfikie yule wa kwanza aliyeshuka melini. Hapo hukutana na daftari lenye thamani kubwa. Tangu mwaka 1727 serikali ya koloni la Pennsylvania, ikihofia wingi wa wageni wasio Waingereza, iliamuru kila nahodha alete orodha, na kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi aape kiapo cha utii kwa Mfalme wa Uingereza na atie sahihi. Orodha hizo zilikusanywa zikapigwa chapa mwaka 1934 na Ralph Strassburger na William Hinke. Wanawake na watoto kwa kawaida hawakuandikwa. Mke aliyezika watoto baharini hana alama yoyote katika daftari la kiapo.

Mitego ni mingi. Asiyejua kuandika alipiga alama tu, na karani wa Kiingereza akaandika jina kama alivyolisikia. Majina mengine yaligeuzwa sauti: Müller akawa Miller. Mengine yalifasiriwa: Zimmermann, yaani seremala, akawa Carpenter. Tena Wajerumani wa siku zile waliwabatiza watoto kwa majina mawili, na la kwanza mara nyingi lilikuwa Johann kwa wavulana wote wa nyumba moja. Jina la kuitiwa lilikuwa la pili. Mtafutaji asiyejua desturi hiyo huwafanya ndugu watatu kuwa mtu mmoja.

Ufunguo mkubwa ni jirani. Maskini hawasafiri peke yao. Waliondoka kijijini pamoja, wakapanda meli moja, wakachukua mashamba kandokando, wakasimamiana ubatizo wa watoto. Kwa hiyo kijiji cha mtu kisipojulikana, hutafutwa majina ya wale walioandikwa juu yake na chini yake katika orodha ya meli. Kijiji cha jirani kikipatikana, hufunguliwa kitabu cha kanisa la hapo, na mara nyingi mtoto aliyepotea huonekana, na siku ya ubatizo wake, na majina ya wazazi, na kazi ya baba.

Twaombwa tulitazame jambo hili kwa makini. Jina la mkulima huyu liliandikwa na bwana wa ardhi ili ada ilipwe. Likaandikwa na nahodha ili nauli isipotee. Likaandikwa na serikali ili ipate utii wake. Mara tatu jina la mnyonge limetiwa wino, na mara zote tatu kwa faida ya mwingine. Hata hivyo liliandikwa, na kwa sababu liliandikwa, wajukuu wameweza kurudi mpaka mlangoni kwa babu yao.

MWANAGENZI MMOJA

Wako waliolijaza jina lao wenyewe. Mwaka 1710 serikali ya Uingereza ilipeleka New York Wapfalz karibu 3,000 wachemshe lami ya misonobari kwa ajili ya meli za vita. Mamia walikufa njiani, na mradi wenyewe ulivunjika 1712. Watoto wengi, wakiwamo mayatima, waligawiwa kwa mabwana wafunzwe kazi. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 13, John Peter Zenger, aliyefiwa na baba yake safarini, akawekwa miaka 8 kwa mpiga chapa William Bradford. Mwanagenzi huyo alipokuwa mtu mzima alianza gazeti lake mwaka 1733, akalitumia kumlaumu Gavana wa koloni. Akatiwa gerezani mwaka 1734. Mkewe, Anna Catharina, akaendelea kulitoa gazeti wakati mumewe yu kizuizini. Mwezi Agosti 1735 wazee wa baraza walimwona hana hatia, na kesi hiyo ikawa msingi mmoja wa uhuru wa magazeti katika Amerika. Sisi tufanyao kazi ya gazeti hatuwezi kulipita jina hilo bila kuliheshimu.

WASIOANDIKWA

Lakini haki haikuwa moja kwa watumishi wote. Mwaka 1640, katika koloni la Virginia, watumishi watatu walimtoroka bwana wao wakakamatwa: Mholanzi mmoja, Mskoti mmoja, na Mwafrika aitwaye John Punch. Kosa lilikuwa moja. Wazungu wawili waliongezewa miaka minne ya utumishi. Mwafrika alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 2012 watafiti wa nasaba walisema yumkini kabisa mama yake Obama alikuwa wa uzao wa John Punch. Basi katika damu ya mama mmoja wa Kansas yumkini walikutana mhamiaji wa Kijerumani na mtumishi aliyefungwa daima.

Wajerumani wengine waliliona jambo hili mapema. Familia 13 za Krefeld, wengi wao wafumaji, zilifika Pennsylvania mwaka 1683 zikajenga Germantown. Mwaka 1688 watu wanne wa mji huo, Francis Daniel Pastorius, Garret Hendericks, na ndugu wawili Derick na Abram op den Graeff, waliandika hati ya kupinga utumwa wa Waafrika. Waliuliza kama Wakristo wangependa wao wenyewe kutendwa hivyo, na kama Mwafrika hana haki ya kuupigania uhuru wake sawa na yule anayemshika. Wakubwa wa dhehebu lao la Quaker wakaihamisha kutoka kikao hiki hadi kile, kisha wakaiweka kando. Ilikuwa 1776 ndipo Waquaker wa Philadelphia walipowakataza wanachama wao kumiliki watumwa. Miaka 88 ilikuwa imepita.

Na mjukuu wa mtumwa akitaka kuifuata njia aliyoifuata mjukuu wa Wölflin, hukuta nini? Katika hesabu ya watu ya Marekani ya 1850 na ya 1860, watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Yumo mwanamke wa miaka 30, yumo mtoto wa miaka 4. Ni nani, hakusemwa. Mpaka hesabu ya 1870 ndipo wengi wao walipotajwa kwa majina. Mjerumani maskini alipotewa na herufi za jina lake. Mwafrika alinyimwa jina lenyewe.

Ndugu wafanyakazi, tukiyasoma haya twajifunza kwamba daftari si karatasi tu. Aliye na kalamu ndiye huamua nani atakumbukwa, na mnyonge asipojiandika mwenyewe huandikwa kwa hesabu ya tajiri, au haandikwi kabisa. Wazee wetu wengi walilima mashamba ya watu, walijenga reli, walibeba mizigo, na majina yao hayamo katika kitabu chochote. Wako bado wanaowakumbuka. Kila mmoja wetu na akae na mzee wake, aulize jina la babu na la bibi, kijiji walichotoka, kazi walizofanya na mshahara waliopewa, ayaandike kwa tarehe. Na katika kila tawi la chama na la wafanyakazi, katibu na aandike majina ya wanachama kwa ukamilifu, ya wanawake na ya wanaume, pamoja na kazi zao. Hilo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu, na linaweza kuanza juma hili.