Kompyuta ilikufa, daftari likatuokoa

Jambo lililotupata sisi linaweza kupata kikundi chochote chenye kompyuta.

Jumatatu moja kompyuta ya chama ilianza kulia tik, tik, tik, kisha kioo kikawa cheusi. Tukaizima na kuiwasha mara nne. Fundi alitugombeza: diski ngumu ikilia hivyo, kila kuiwasha kunaweza kuiharibu zaidi. Izimeni, muilete.

Diski ngumu ndiyo ghala ya kompyuta. Ndani yake mna vitu vya aina tatu, na havirudi kwa njia moja.

Kwanza ni programu. Hizo zilirudi kwa siku moja. Fundi aliweka diski mpya, akaingiza Windows kwa flashi, kisha LibreOffice tunayofanyia hesabu, ambayo ni ya bure.

Pili ni mipangilio. Tulibonyeza A, ikatokea Q, kwa sababu kibodi yetu ni ya Kifaransa na Windows mpya ilipangwa kwa Kiingereza. Lakini kulikuwa na kosa baya zaidi. Tulipoandika dolari 12,50 kompyuta haikuisoma kama namba, maana Kiingereza hutumia nukta. Jumla ya akiba ikatoka pungufu, na mama mmoja karibu ashukiwe bure. Tuliporudisha Kifaransa na kuziandika upya namba hizo, hesabu ikanyooka.

Tatu ni kazi zetu wenyewe. Hizo haziuzwi dukani. Nakala yetu ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Akiba na mikopo yote iliyoandikwa baada ya hapo ilipotea. Kilichotuokoa ni daftari la mweka hazina, lenye sahihi ya kila mama. Jioni tatu tulikaa nalo: mmoja akisoma, mwingine akiandika, wa tatu akihakikisha.

Sasa tuna desturi mpya. Kila mkutano ukiisha, tunaweka nakala kwenye flashi mbili: moja kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu. Hata moja hailali pamoja na kompyuta. Mipangilio ya lugha, kibodi na printa tumeiandika kwenye karatasi. Na daftari hatuliachi.

Wamama, kabla ya mkutano ujao ulizeni katika kikundi chenu: nakala yetu ya mwisho ni ya siku gani, na iko kwa nani?