Uvimbe wa Kijani Nyuma ya Jicho

Je, wajua kwamba saratani ya damu inaweza kujionyesha kwanza jichoni? Jicho moja la mtoto linatokeza nje, kope haifumbi sawasawa, anaona vitu viwiliviwili. Mzazi anakimbilia kwa daktari wa macho, na si kosa lake.

Mwaka 1965, J.N.P. Davies, aliyewahi kuwa profesa wa patholojia katika chuo cha Makerere, na Raphael Owor walieleza katika jarida la British Medical Journal habari za watoto wa Uganda wenye kloroma. Huu ni uvimbe wa seli changa za lukemia, yaani saratani ya damu, zilizotoka kwenye uboho na kujazana mahali pengine, kama nyuma ya jicho. Ukikatwa, nyama yake huwa ya kijani kwa sababu ya kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidasi. Ukikaa hewani, rangi hufifia. Usichanganywe na uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliuelezea mwaka 1958. Huo ni limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, na tiba yake ni nyingine.

Kloroma ikiota kando ya uti wa mgongo, miguu hulegea na mkojo hukwama. Lukemia ya limfu, inayowapata zaidi watoto, huweza kuingia kwenye utando wa ubongo: kichwa kinauma, mtoto anatapika, uso unapinda upande mmoja. Ipo pia dalili ndogo inayopuuzwa mno: kidevu kufa ganzi wakati meno ni mazima.

Lukemia huleta homa pia, lakini Kampala mtoto mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na ni haki. Zamani tone la damu lilitandazwa kwenye kioo, na mpimaji aliyekuwa akitafuta vijidudu aliziona pia seli nyeupe, ambamo lukemia hujionyesha. Kipimo cha haraka cha malaria cha siku hizi hakisemi lolote kuhusu seli hizo. Kwa hiyo homa isiyokoma ikiandamana na uso uliopinda au miguu iliyolegea, omba hesabu kamili ya damu. Hata hivyo kloroma huweza kutokea miezi kadhaa kabla lukemia haijaonekana kwenye damu. Hapo lazima kikatwe kipande cha uvimbe kipimwe.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya limfoma, hutibu magonjwa haya yote. Kwa kuwa dawa nyingi za mshipani haziufikii ubongo vya kutosha, dawa ya methotreksate hudungwa kiunoni, kati ya pingili za mgongo, iingie kwenye maji yanayouzunguka ubongo.